Mgongo ulipona, sukari haijapona: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenifikia na nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema shangazi yako anamfuatilia mtabiri mponyaji kwenye simu. Kwamba usiku mmoja, katika matangazo ya mubashara, mtabiri huyo alimtaja "mama ambaye mgongo umemtesa muda mrefu", shangazi akaweka kiganja kwenye kioo cha simu kama alivyoagizwa, na kesho yake maumivu yakaachia. Sasa mtu huyo huyo amemwambia sukari nayo imeondoka, aache sindano, naye ameanza kuziruka. Ukaniuliza: "Baba, kama ni tapeli, mgongo ulipona vipi? Na mimi nimwambie nini?"

Umeuliza vizuri kuliko wengi. Watu wengi huanza kwa kumcheka mgonjwa, na mgonjwa aliyechekwa hurudi kule kule anakopokewa. Kwa hiyo jambo la kwanza, usimwambie shangazi yako kwamba hakupona mgongo. Alipona. Yeye ndiye mwenye mgongo.

Ila tuangalie mgongo wenyewe. Mwaka 2020 watu wapatao milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini. Hakuna maradhi yanayowatia watu ulemavu wa kila siku kuliko hayo. Mtu akikaa mbele ya kamera akiwa na watazamaji maelfu, wengi wao watu wazima, akasema "namwona mama mwenye mgongo", maono ya nini tena hapo? Angesema "namwona mtu mwenye kisigino cha kushoto kilichovunjika mara mbili", ningemsikiliza kidogo. Mgongo, kichwa, tumbo, usingizi unaopotea, deni, ndugu asiyekutakia mema: hayo humpata mtu katika kila umati, na yule aliyepatikana huhisi ameitwa kwa jina.

Halafu mgongo una tabia yake. Huja, hupanda, hushuka, na maumivu mengi mapya ya mgongo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Mtu hatafuti mponyaji siku ambayo mgongo umetulia. Humtafuta siku umefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki kwa kawaida ni ya kushuka. Angekunywa maji ya kisima chochote siku ile, kisima kingepata sifa. Ongeza na matarajio: mtu akiamini kwa dhati kwamba amehudumiwa, ubongo wake wenyewe hutoa kemikali za kutuliza maumivu. Hilo limepimwa tena na tena kwa wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Maumivu hupungua kweli. Kinachoyaleta hakiguswi.

Na hapo ndipo pabaya. Miaka ya sabini daktari wa upasuaji wa Marekani, William Nolen, alikwenda Minneapolis kwenye mkutano wa mponyaji mashuhuri wa wakati huo, Kathryn Kuhlman, kisha akawafuatilia watu 23 waliotangaza kwamba wamepona pale jukwaani. Hakumpata hata mmoja ambaye ugonjwa wake wa mwilini ulikuwa umeondolewa. Mmoja wao alikuwa mwanamke mwenye saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo. Alivua mkanda uliokuwa ukimshikilia, akakimbia jukwaani, umati ukashangilia. Siku iliyofuata pingili ya mgongo wake ikaporomoka, na miezi michache baadaye akafariki. Sidhani alikuwa akiigiza. Shangwe zile zilimzimia maumivu kwa dakika kadhaa, na maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimwambia asikimbie. Umati ule ulimwona akikimbia. Kesho yake umati haukuwepo kumwona kitandani.

Sasa njoo kwenye sukari, ambayo ndiyo inayoninyima raha. Umekua ukiniona nikitoka maabara, kwa hiyo hili nakueleza kama fundi wa maabara mstaafu. Sukari iliyopanda haiumi. Mtu anaweza kuwa na kipimo mara mbili ya kinachotakiwa na akajisikia mzima kabisa, akaimba, akapika, akakucheka kwa wasiwasi wako. Kipimo kile cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ni cha miezi mitatu hivi, maana yake akiacha sindano leo na kupima wiki ijayo, karatasi inaweza bado kubeba sifa za sindano alizozichoma mwezi uliopita. Mtabiri ataionyesha karatasi hiyo kwa umati, na nambari iliyoandikwa itakuwa ya kweli. Ndiyo maana ninaogopa vipimo vilivyoshikwa na mtu asiyevijua kuliko ninavyoogopa uongo mtupu.

Jambo hilo hilo huwapata wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mtu anatumia dawa vizuri, virusi vinapungua hadi mashine haivioni tena, mponyaji anasema "vimekwisha", mgonjwa anaacha dawa. Havikuwa vimekwisha, vilikuwa vimejificha mwilini, na dawa zikiondoka kwa kawaida hurudi kwenye damu ndani ya wiki chache. Kazi ilifanywa na vidonge, sifa akapewa aliyekuja mwisho.

Kuhusu sindano zenyewe, kuna kisa ambacho sijawahi kukusimulia kwa sababu ni kizito. Mwaka 1973, huko Barstow, California, mvulana wa miaka 11 mwenye kisukari aliombewa na mhubiri mgeni, akatangazwa mzima. Wazazi wake walitupa insulini. Kijana alipoanza kuzidiwa hawakuona kwamba ugonjwa umerudi. Waliamini dalili zile ni hila za Shetani kuwajaribu imani, wakazidi kusali. Alikufa baada ya siku chache. Mahakama iliwatia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Walimpenda mtoto wao, mwanangu, hakuna aliyewahi kulibishia hilo. Walikuwa wamepewa tu namna ya kufikiri ambayo ndani yake kila dalili ya hatari hugeuka kuwa sababu ya kungoja zaidi.

Namna hiyo ya kufikiri ndiyo mtaji wa biashara yote. Ukipona, ni karama yake. Usipopona, imani yako ina nyufa, au hukutuma sadaka kwa moyo mmoja, au umemsikiliza mtoto wako msomi. Hakuna matokeo yanayoweza kumshtaki. Daktari akikosea kuna faili na chama chake cha taaluma, na kuna mahakama. Huyu mgonjwa wake akifa, wafiwa ndio wanaobaki wakijiuliza walikosa wapi, na nimeona mzigo huo ukikaa ndani ya nyumba kwa miaka.

Usidhani wote ni waongo wa makusudi. Wapo wanaojiamini kweli: wamewahi kumshika mtu mkono, mtu akapata nafuu, wakajiona wamejaliwa. Wengine wanajua vizuri sana wanachofanya. Mwaka 1986 mhubiri wa televisheni Peter Popoff alikuwa akiwaita watu asiowajua kwa majina, akitaja maradhi yao hata anwani za nyumba zao, watu wakianguka kwa machozi. Mfanya mazingaombwe James Randi akaja na mwenzake na mashine ya kunasa mawimbi ya redio, wakaipata sauti ya mke wa Popoff akimsomea mumewe kwenye kifaa kidogo cha sikioni yale ambayo wagonjwa wenyewe walikuwa wameyaandika kwenye kadi kabla ya ibada. Sauti ile ilirushwa kwenye televisheni nchi nzima, na mwaka uliofuata Popoff akatangaza kufilisika. Miaka michache mbele akarudi hewani, na wafuasi akawapata. Hilo la kurudi linanifikirisha kuliko lile la kunaswa.

Wa leo hahitaji hata kifaa cha sikioni. Shangazi yako mwenyewe ameandika habari za mgongo wake kwenye kundi la WhatsApp la kumtakia afya njema, na mabinti wa mtabiri wanaojiita "wahudumu" huwauliza watu hali zao faraghani kabla ya kipindi. Kuwapata wagonjwa zamani kulihitaji uwanja na hema; sasa kunahitaji simu na mtu wa kuhariri video. Ushuhuda mzuri husambazwa, anayeuliza swali huondolewa na msimamizi wa kundi, na mtu mpya akiingia anakuta waliopona tu. Waliokufa hawaachi maoni.

Nisingependa uone kama ni suala la fedha peke yake. Nchini Brazil, João Teixeira de Faria, aliyejulikana kama João de Deus, alipokea wagonjwa kutoka kila pembe ya dunia kwa miaka mingi katika mji mdogo wa Abadiânia, watu mashuhuri wakimsifu kwenye televisheni. Desemba 2018 wanawake walianza kusema hadharani alichowatendea walipokuwa peke yao naye, walifika mamia. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 19 kwa ubakaji, na hukumu nyingine zikafuata. Mtu uliyempa mamlaka juu ya mwili wako, na ukaambiwa kumtilia shaka ni kujifungia uponyaji, anaweza kukuomba lolote. Kwa hiyo shangazi akialikwa "maombezi ya faragha" ana kwa ana, asiende peke yake, liwe liwalo.

Na wale wanaosema "anajaribu tu, kuna ubaya gani?" waambie ubaya ni muda. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha ulinganisho wa watu wenye saratani ambayo ilikuwa bado haijasambaa. Waliochagua tiba mbadala peke yake, wakaacha za hospitali, walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu ya wenzao. Kwa saratani ya matiti hatari ilizidi mara tano. Hao walikuwa watu ambao bado walikuwa na nafasi.

Mimi ni mtu wa sala na unajua. Sijawahi kuona sala iliyomdhuru mgonjwa aliyekuwa akimeza dawa zake. Ninachokigombania ni sindano.

Sasa, umwambie nini. Kabla ya kusema chochote, jiulize mtabiri amempa nini ambacho sisi hatukumpa. Kliniki anakaa foleni asubuhi nzima, anaonwa dakika tano na daktari anayeangalia karatasi, anakemewa kwa uzito wake, anatoka. Mtabiri anamwita "mama yangu". Wahudumu wanampigia kumuuliza amelalaje. Wewe umempigia mara ngapi mwezi uliopita kwa jambo lisilohusu ugonjwa? Sikulaumu, ninatafuta mahali pa kuingilia.

Usimtumie video za kumfichua mtabiri. Atazitazama sekunde tatu, kisha atakuorodhesha miongoni mwa maadui. Usimtake amkane mtu huyo wala akiri kwamba amedanganywa, maana unamdai aibu, na mtu mzima hatoi aibu kwa kijana aliyemlea. Mwombe kitu kimoja kidogo: apime. Mwambie, "Shangazi, kama sukari imeondoka, mashine itasema, na mimi nitafurahi wa kwanza." Mpime kwa mashine ya kidole asubuhi kabla hajala na saa mbili baada ya chakula, kila siku, mwandike pamoja kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake. Usitoe maoni juu ya nambari. Aziangalie mwenyewe zikipanda. Na daktari wake ajue kwamba ameruka sindano, maana siku ya kurudi kwenye dozi yeye ndiye wa kusema aanzie wapi, si mimi wala wewe.

Kama atakubali sindano na kuendelea kumtazama mtabiri jioni, mwache amtazame. Hiyo ni nusu ya ushindi na ninaichukua kwa mikono miwili.

Mimi nitampigia Jumapili. Ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo nami sina kauli ya kumwamrisha. Nitamuuliza habari za mgongo, nimsikilize hadi amalize, ndipo nimwombe kwa heshima asiache sindano kwa ajili yangu, hata kama si kwa ajili ya daktari.

Lakini wewe ndiye uliye karibu naye. Ukimwona anakunywa maji bila kukata kiu, anakojoa kila mara, anatapika au tumbo linamuuma, anapumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anajibu maswali kama mtu mwenye usingizi, usingoje kipindi kiishe, usinipigie kwanza, na usimwombe ruhusa. Tafuta gari, mpeleke hospitali, na mlangoni useme: ana kisukari na ameacha insulini. Akikasirika atanikasirikia mimi, mwambie ni mimi niliyekutuma.

Baba yako