Maswali ya Wasomaji: Je, Maua ya Zundert Ni Yetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu. Mimi ni mfanyakazi wa shamba la waridi kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya, na kazi yangu ni kufunga mashada kabla hayajapelekwa Uholanzi kwa ndege. Mwanangu amenionyesha picha za gwaride la mji wa huko uitwao Zundert, ambako majira ya joto yanapokaribia kwisha hupitishwa barabarani magari yenye sanamu ndefu kuliko nyumba, zilizofunikwa maua kuanzia chini hadi juu. Naomba kujua iwapo maua hayo hutoka kwetu, na ni nani huwalipa wanaoyapanga.

JIBU: Ndugu msomaji, tunashukuru kupata swali hili kutoka kwa mtu anayeifahamu kazi ya maua kwa mikono yake mwenyewe. Maua hayo hayatoki Naivasha. Waridi mnalolifunga huenda sokoni, ilhali ua la gwaride la Zundert ni dalia, na dalia hizo hupandwa na wakazi wenyewe katika mashamba ya vitongoji vyao, kwa ajili ya siku hiyo moja ya mwaka.

Asili ya dalia ni Mexico, na mizizi yake minene hufanana sana na viazi vitamu. Kwa kuwa haivumilii baridi inayogandisha udongo, watu wa Zundert, mji mdogo wa jimbo la Brabant Kaskazini karibu na mpaka wa Ubelgiji, huing'oa kila mwaka baridi inapobisha hodi, wakaihifadhi ghalani, kisha wakaipanda upya baada ya hatari ya jalidi kupita. Miezi yote ya joto hupalilia na kuchuma, kwa maana dalia isiyochumwa hupunguza kuchanua, na wao wanahitaji mimea iwe katika kilele chake wiki moja mahususi. Wewe unayejua jinsi agizo la siku maalumu linavyolitia shamba zima wasiwasi utaielewa hofu yao mvua kubwa inaponyesha mwishoni mwa Agosti.

Gwaride hili lilianza mwaka 1936, kwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya Malkia Wilhelmina wa Uholanzi, na wakati ule yalikuwa mikokoteni ya shambani na baiskeli zilizopambwa. Leo vitongoji 20 hushindana mbele ya majaji, kila kimoja kikiwa na gari lake, na magari hayo hufikia urefu wa mita 20 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Kila kitongoji husimamisha hema kubwa ambamo mafundi wake huchomelea mifupa ya chuma kwa majuma mengi, kisha huivika ngozi ya kadibodi na karatasi zilizopakwa gundi, hadi umbo la mnyama au la mwanadamu lionekane wazi. Maua huja mwisho kabisa. Katika siku tatu hivi za mwisho, usiku na mchana, vichwa vya dalia vilivyokatwa vikonyo hubandikwa kimoja kimoja kwa gundi au kukazwa kwa misumari midogo, na gari moja kubwa humeza laki kadhaa. Wazee na watoto hukaa chini wakitayarisha maua, na vijana hupanda juu ya majukwaa kuyabandika.

Kuhusu malipo, hakuna anayepokea ujira kwa kazi hiyo. Mchomeleaji, mpalilizi na mbandikaji wote hujitolea, na hata siku ya gwaride magari mengi husukumwa na wanakitongoji waliojificha ndani yake, wasioonekana na mtazamaji hata mmoja. Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo kuu la Zundert, kubwa kuliko ukubwa wa sanamu zenyewe: ua lile halinunuliwi, na anayetaka liwepo Septemba hana budi kuinama shambani tangu miezi ya mwanzo. Utamaduni huu wa magwaride ya maua na matunda wa Uholanzi uliingizwa mwaka 2021 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na tunaamini ulistahili.

SWALI: Je, si israfu kuharibu maua mengi kiasi hicho kwa siku moja? (Msomaji wa Unguja)

JIBU: Ndugu msomaji, kwenu akina mama hutunga asumini uzini na kushona vikuba vya mkadi, rehani na waridi kwa ajili ya arusi, wakijua vitanyauka baada ya muda mfupi, na hatujasikia mtu akiwaita wabadhirifu. Dalia ya Zundert isingechumwa ingenyauka palepale shambani, na mzizi wake unabaki kupandwa tena mwaka ufuatao. Kinachokwisha ni umbo la gari, ambalo hubomolewa baada ya maonyesho.

SWALI: Ninaishi Antwerp. Niende lini kuliona? Nimesikia ni mwezi wa Aprili. (Msomaji wa Ubelgiji)

JIBU: Gwaride la Aprili ni jingine, lile la Noordwijk hadi Haarlem, linalotumia maua ya majira ya kuchipua. La Zundert hufanyika Jumapili ya kwanza ya Septemba, na mji huo uko kati ya Antwerp na Breda, kwa hiyo hutasafiri mbali. Ukipata nafasi, rudi Jumatatu yake, magari yanapokuwa yamesimama, uyasogelee hadi uone kila ua lilivyobandikwa. Ukiwa huko utakumbuka pia kwamba mchoraji Vincent van Gogh alizaliwa Zundert mwaka 1853. Mwaka 2015, ilipotimia miaka 125 tangu afariki, magari yote ya gwaride yalitengenezwa kwa kumkumbuka.