Mlangoni kwa Bibi Tiketi: Kwa nini steringi hakummaliza adui?

Toleo lililopita niliandika kwamba katika miaka yote niliyokaa mlangoni mwa kibanda umiza chetu pale Mbagala, nikikusanya shilingi mia tatu tatu, filamu iliyowahi kunyamazisha mabenchi yote ni moja tu: The Revenant, ile ya Hugh Glass, mtegaji wanyama anayeraruliwa na dubu, anaachwa na wenzake porini, kisha anatambaa kwenda kulipiza kisasi. Basi mmeniletea maswali kama mvua. Nayajibu machache.

*Shikamoo Bibi Tiketi. Niliitazama na mume wangu. Mimi nililia, yeye alianza kukoroma Glass akiwa bado anatambaa. Nani kati yetu ana kasoro? — Msomaji, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Kwanza niambie luninga yenu ikoje. Filamu hii ilipigwa karibu yote kwa mwanga wa jua na wa moto, bila mataa. Mpiga picha wake, Emmanuel Lubezki, alipata Oscar kwa kazi hiyo, ya tatu mfululizo. Ukiiona kwenye ukumbi mkubwa unapigwa na butwaa. Sisi mwaka 2016 tulikuwa na luninga ya chogo, zile nene za zamani, na kila msitu ulipoingia vijana walipiga kelele: "Bibi, ongeza mwanga!" Kuna mahali pumzi ya Glass inatia ukungu kwenye kioo cha kamera. Kijana mmoja akanyanyuka na shati lake, akaifuta luninga. Halafu ni dakika 156, na mtu mkuu haongei. Mwache mumeo. Mwamshe kwenye pigano la mwisho tu.

*Bibi, rafiki yangu anabisha kwamba dubu ni wa kweli, amefundishwa. Tumewekeana dau la soda. — Kijana, Singida*

Kunywa soda yako. Alikuwa mtu kavaa suti ya buluu, akimburuta na kumtupa Leonardo DiCaprio, aliyemwigiza Glass, kisha dubu akachorwa kwa kompyuta juu yake. Ila ini mbichi analokula Glass ndilo la kweli, la nyati wa Marekani. DiCaprio amesema hivyo mwenyewe.

*Shikamoo Bibi. Tulikaa saa mbili na nusu tukisubiri Glass amuue Fitzgerald aliyemuulia mwanawe. Amefika, amemkata kwa shoka na kisu, adui yuko hoi, halafu anamsukumia mtoni! Huo si uoga? — Dereva wa bodaboda, Kahama*

Marahaba. Swali lako liliulizwa bandani kwangu kwa sauti kubwa zaidi, na mtu mmoja alidai arudishiwe hela. Sikurudisha.

Kwa ambao hawajaiona: Glass anakumbuka neno la mtu wa Kipawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, aliyemtibu porini, kwamba kisasi kiko mikononi mwa Muumba. Anamwachia Fitzgerald, mto unambeba hadi kwa Waarikara, kabila jingine la wenyeji, walio ng'ambo, nao wanammaliza. Muuza kahawa mmoja, ambaye kwa kawaida haingii, anasimama tu mlangoni na birika lake, aliuliza: "Sasa huyu kamwachia Mungu, au kamtuma Mungu?" Banda zima likapasuka. Wengine wakasema mikono yake imebaki safi. Wengine wakasema safi ya wapi, wakati aliona kabisa nani wanasubiri chini. Ubishi ulihamia nje, ukahamia kwa muuza chipsi, na mimi nikafunga mlango saa sita usiku nikiwa bado nawasikia.

Mimi niko upande wa muuza kahawa. Mwongozaji, Alejandro González Iñárritu, alitaka vyote viwili, damu ya kutufurahisha na msamaha wa kumpendeza yeye, akapata nusu ya kila kimoja. Aliondoka na Oscar ya uongozaji, sawa, lakini pale mtoni alikwepa.

Na kinachoniudhi ni kwamba kisa chenyewe kilikuwa na mwisho wenye nguvu kuliko huo. Hugh Glass aliishi kweli. Alikuwa mtegaji wa biva, wale wanyama wa mtoni ambao manyoya yao yalitengenezewa kofia za wakubwa. Mwaka 1823, upande ambao leo ni South Dakota, dubu jike alimrarua. Wenzake waliwaacha watu wawili, kwa ahadi ya malipo, wakae naye hadi akate roho wamzike. Wale wawili wakachukua bunduki yake wakaenda zao. Kwa masimulizi yaliyopo, alijikokota kilomita zipatazo 320 mpaka kituo cha biashara cha Fort Kiowa. Theluji ile na ile milima mliyoona ni ya Kanada, na ilipoyeyuka kule wakahamia Argentina. Glass aliraruliwa wakati wa kiangazi, nchi tambarare.

Mtoto? Hakuna kumbukumbu ya mtoto aliyeuawa. Kaongezwa na filamu. Mtu katambaa masafa hayo kwa ajili ya kuachwa na kuibiwa bunduki. Unajua wewe wa bodaboda mtu akikuibia pikipiki ukiwa umelazwa hospitali unajisikiaje. Haihitaji mtoto.

Kati ya wale wawili waliomwacha, mmoja alikuwa kijana, ambaye wengi wanasema ni Jim Bridger; Glass alipompata, alimsamehe kwa sababu ya umri wake. Alipompata wa pili, Fitzgerald, jamaa alikuwa ameshaingia jeshini, na kumuua askari ni kitanzi. Glass akadai bunduki yake. Akapewa. Akaondoka. Basi! Hebu fikiria mwisho huo kwenye filamu: watu wawili, meza, na bunduki inasukumwa taratibu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Najua ungedai hela yako. Nisingekurudishia hata hapo.

*Bibi, ni kweli mlikuwa na mtafsiri? Alitafsiri nini wakati mtu haongei? — Msomaji, Tanga*

Usiku wa pili tulikuwa naye, na maiki yake. Pale Glass ananyamaza robo saa nzima, kijana wetu alishindwa kuvumilia, akamtia maneno: "Fitzgerald, chimba kaburi lako, nakuja." Pale anapolala ndani ya tumbo la farasi akasema: "Leo nimepata chumba, kodi nitalipa kesho." Watu walicheka sana, na walikaa hadi mwisho bila kusinzia. Lakini ule ukimya wa usiku wa kwanza haukurudi tena.

*Mwishoni Glass anageuka anatutazama sisi. Anamtazama nani? — Msomaji, Lindi*

Usiku ule wa kwanza, benchi la mbele waligeuka nyuma kuangalia ni nani. Nyuma nilikuwepo mimi na kopo la hela. Sikuwa na la kuwaambia, nikazima deki.