E au M, angalia maswali unayoyapata

Tanga, Machi 2018

Mwanangu, huku wote wazima. Meseji yako nimeiona, unauliza ule mtihani wa SAT wa bayolojia wa kuombea chuo Marekani, wa mwezi wa sita, ufanye E ya ekolojia au M ya molekuli, maana wenzako hapo Maryland wanasema anayetaka udaktari lazima apige M.

Mimi hilo silikubali. Huko Marekani hutoki sekondari ukaingia udaktari moja kwa moja kama huku kwetu, kwanza digrii miaka minne, na kuna mtihani mwingine kabisa wa kuingilia udaktari, MCAT, sasa hiyo herufi moja itakuzuia nini? Vyuo vitakachoangalia ni maksi, 200 mpaka 800, basi nenda kule utakakozipata.

Na tofauti yenyewe si kubwa kivile. Maswali 80 kwa dakika 60, 60 ya mwanzo ni yaleyale kwa wote, mnaachana kwenye 20 ya mwisho. Kwahiyo ukichukua M hujaikimbia ekolojia, bado ni kama asilimia 13 ya mtihani wako, kwenye E ni 23. Seli na molekuli ni 27 kwenye M, 15 kwenye E.

Wikiendi hii kaa na maswali 20 ya E na 20 ya M, dakika 15 kila upande, simu mpe shangazi. Sahihisha kama wao, ukikosa unakatwa robo maksi, ukiacha wazi hukatwi.

Mimi naona wewe ni mtu wa E. Tangu mdogo unanisumbua na mikoko na kaa wa ufukweni, mzunguko wa naitrojeni unanieleza bila daftari, ila hatua za upumuaji wa seli unakariri usiku asubuhi zimeruka. Lakini E sio mteremko mwanangu, kuna grafu za idadi ya viumbe, piramidi za nishati, na tundra ambayo hatujawahi kuiona, hiyo usome kweli.

Siku yenyewe unajaza kiduara cha E au cha M, kimoja tu, na uwe makini sana hapo, E ni swali la 61 hadi 80, M ni 81 hadi 100.

Ukimaliza nitumie picha za yale uliyokosa, pande zote mbili, Jumapili baada ya isha nitakupigia tuyapitie.

Msalimie shangazi.

Mama