Mswada Ninao, Wafuasi Sina

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Makambako. Kwa miaka minne nimekuwa nikiandika riwaya usiku, watoto wakishalala. Inamhusu mwanamke mwenye nyumba ya wageni pale njia panda, magari ya Mbeya na ya Songea yanapoachana. Kaunta buku tatu zimejaa, zimebaki sura mbili za mwisho. Mwalimu mwenzangu alianza kusoma sura ya nne ofisini akachelewa kipindi.

Mwezi uliopita nilimpigia mchapishaji mmoja. Kabla hajauliza kitabu kinahusu nini, aliuliza, "Una wafuasi wangapi mtandaoni?" Nikamwambia Facebook nina marafiki 412. Akasema nijenge jina kwanza, nikifikisha elfu kumi nimtafute. Mume wangu ameninunulia taa ya kurekodia video. Hii ni wiki ya tano narekodi, na sijaandika hata ukurasa mmoja. Mama, ni lazima?

*Mwalimu, Makambako*

JIBU

Marahaba mwanangu. Si lazima. Acha kurekodi, urudi kwenye sura mbili zilizobaki. Mumeo mshukuru kwa moyo wake, na taa yake iweke mezani imulike kaunta buku.

Huyo mchapishaji usimchukie. Anamlipa mpiga chapa kabla hajauza nakala hata moja, na maduka ya vitabu nchini ni ya kuhesabu. Miji mingi ukiulizia duka la vitabu utaelekezwa steshenari inayouza madaftari na vitabu vya kiada. Kwa hiyo anatafuta mwandishi atakayekuja na wanunuzi wake. Hofu yake naielewa. Kipimo chake ndicho kibovu, na hilo nimelijua kwa fedha yangu mwenyewe.

Mwaka 2017 nilijichapishia riwaya yangu ya pili, nakala 500. Ukurasa wangu ulikuwa na watu zaidi ya 11,000, maana kila asubuhi nilikuwa naweka shairi fupi. Siku niliyotangaza kitabu, laiki zilipita 900, na pongezi zilikuwa nyingi mpaka machozi yakanitoka. Mwezi ulipokwisha nilikuwa nimeuza nakala 43. Kitabu kilikuwa shilingi 10,000. Kumtumia mtu wa Masasi kwa basi ilikuwa 5,000 juu yake, halafu aende mwenyewe stendi akaulizie mzigo. Mtu aliyependa shairi langu la bure akiwa bado kitandani, safari hiyo hakuwa ameiahidi.

Baadaye nilibeba maboksi mawili nikaenda shule moja ya bweni Korogwe, siku ya wazazi kutembelea watoto. Mkuu wa shule ni rafiki yangu. Nilisimama chini ya mwembe nikawasomea kurasa sita, bila kipaza sauti. Jioni nakala 64 zilikuwa zimekwenda.

Lakini wale wanunuzi 43 wa mwezi wa kwanza ndio walionifundisha kazi. Niliwaandika mmoja mmoja kwenye daftari dogo la jalada jekundu: jina, namba ya simu, mji, na basi lililobeba kitabu. Mstari wa kumi na saba yupo muuguzi wa Masasi. Alinunua kimoja. Baada ya wiki tatu akapiga simu, anataka sita vya wenzake wa wodini. Ninapokutana na msomaji popote, msibani, harusini, kwenye semina, naliomba jina lake liingie humo. Kitabu cha tatu kilipokamilika daftari lilikuwa na watu 118. Niliwapigia wote kwa zamu, siku nne nzima, na 71 walilipa kabla ya kuchapwa. Fedha yao ikawa sehemu ya malipo ya awali kwa mpiga chapa. Mtu akiniuliza jukwaa langu liko wapi, yaani watu watakaonunua kitabu changu, namwonyesha daftari hilo.

Utaambiwa habari za Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, kwamba hakuhitaji wafuasi akapata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Ni kweli alikuwa ameandika riwaya kumi, na hapa kwetu wengi walilisikia jina lake siku ile ile ya tangazo. Ila yeye alichapishwa Uingereza, kwenye wahariri, wahakiki, maktaba na maduka. Vitu hivyo vilimfanyia kazi ambayo wewe unaambiwa uifanye kwa simu. Mfano wa karibu yetu ni Ebrahim Hussein. Tamthilia yake *Kinjeketile* ilitoka mwaka 1969, na mwandishi wake alijitenga na hadhara kwa miaka mingi, lakini vizazi vya wanafunzi vimeisoma darasani. Wewe ni mwalimu, unajua jinsi kitabu kikiingia shuleni kinavyoishi.

Nisikudanganye kwamba jina halina kazi popote. Ungekuwa unaandika mwongozo wa kufuga kuku, ningekwambia anza kuonekana leo, kwa sababu mnunuzi wa kitabu hicho anataka kwanza kujua kama kuku wako wanapona. Wako pia waandishi wa simulizi za kwenye simu, wanaotoa sehemu ya kwanza bure na zinazofuata kwa malipo. Nawaheshimu sana. Wao hadithi ndiyo inayowaletea watu, kila sehemu inakatika pale pale moyo unapodunda. Kama kalamu yako inakwenda hivyo, jaribu. Lakini kurasa ulizonitumia, za mama anayepanga funguo za vyumba huku akisikiliza basi la mwisho likipita, zinataka msomaji aliyetulia. Ukizikatakata utaziua.

Ukimaliza, mpe mtu akusomee, kisha kauchapishe mswada kwa kompyuta pale steshenari. Kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo ya Safal, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Zote zinapokea riwaya za Kiswahili, na waamuzi wanasoma mswada, hawahesabu wafuasi. Huyo mchapishaji naye mrudie, safari hii ukiwa na mswada mkononi, na umwambie ni shule ngapi za mkoani kwako ambazo walimu wake wa Kiswahili unawajua kwa majina. Idadi hiyo itamsaidia kuliko elfu kumi alizozitaja.

Halafu nunua daftari dogo. Yule mwenzako aliyechelewa kipindi kwa ajili ya sura ya nne, mwandike mstari wa kwanza.