Nenda Ngomeni na Mzee Wako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Likoni aliniandikia kwamba aliwapeleka wanawe watatu Fort Jesus, ile ngome kongwe ya Mombasa, wakaimaliza kwa dakika 40, na ndani ya feri wakamwambia kwamba hawaoni sababu ya kurudi tena. Aliniuliza afanyeje. Dada yangu, aibu hiyo niliionja kabla yako.

Miaka saba iliyopita niliwapokea wakwe zangu kutoka bara, nikawatembeza Ngomeni kwa fahari ya mtu aliyezaliwa Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale. Niliwaeleza kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waomani waliizingira kuanzia 1696 hadi walipoitwaa 1698. Kisha mkwe wangu alisimama mbele ya kabati la kioo lenye vipande vya bakuli za kauri za Kichina, akaniuliza wenyeji walizifanyia nini. Sikuwa na jibu. Alisema kwa upole kwamba kumbe hata sisi wenyewe hatujui, na upole huo unaniuma hadi leo.

Mwezi uliopita nilirudi pamoja na mwanangu na mama mkubwa, ambaye ana zaidi ya miaka 80 na hakuwahi kuingia humo. Jengo hilo lilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na baba yake aliwakataza watoto wake hata kucheza karibu na lango. Katazo hilo alibaki nalo ingawa makumbusho yalifunguliwa 1960. Alipofika kwenye kabati lile lile, aliinama hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akakitazama kwa muda mrefu kipande cheupe chenye ua la buluu. Alisema kwamba nyumbani kwa bibi yake bakuli kama hizo zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukuta wa ndani, wala hazikuliwa chakula, na kwamba nyingine wazee wa kale walizipachika kwenye makaburi ya watu wakubwa. Akamchorea mwanangu umbo la kidaka hewani kwa kidole. Tulikaa chumba hicho kimoja karibu saa mbili, na wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama kumsikiliza. Sijapata kuona fahari kama ile.

Kwa hiyo nakushauri uende na mzee wako. Fika asubuhi, kabla kuta za matumbawe hazijashika joto, chagua chumba kimoja, na usiwaache watoto wakimbilie mizinga. Mwache mzee atangulie, nawe nyamaza. Sisi wazazi hulipa ada za shule kwa taabu ili watoto wafundishwe historia, ilhali tunawaacha barazani watu walioishi na vitu hivyo, hata salamu tunawapa kwa haraka. Ikiwa mzee hawezi kutembea sana, mtafutie kiti, lakini nenda naye.

Mama mkubwa ameshaniuliza tutarudi lini. Anataka kuviona vitu vilivyoopolewa kutoka Santo Antonio de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa baharia wa majahazi, na anaamini kwamba vingine atavitambua. Tumeagana Jumamosi, saa mbili asubuhi.