Plastiki ya pikapu ikipauka, usikimbilie mafuta

Neno lililonipoteza ni "kupauka". Ngozi ikipauka tunaipaka mafuta na mambo yanaisha. Basi niliponunua pikapu yangu, ya mkono wa pili, mabampa yake meusi yakiwa yamegeuka kijivu kama majivu, sikufikiri mara mbili. Nilichukua chupa ya mafuta ya kung'arisha dashibodi nikapaka mabampa yote mawili, plastiki zinazozunguka matairi, vishikio vya milango na ile plastiki ndefu iliyo chini ya kioo cha mbele. Jioni ile gari liling'aa, nikalizunguka mara tatu kulitazama.

Wiki ya pili ikanyesha mvua. Asubuhi nikakuta michirizi ya kahawia imeteremka kutoka kwenye vioo vya pembeni hadi katikati ya milango, na bampa la nyuma limebaki mabaka mabaka, hapa jeusi, pale kijivu. Nikaosha, nikapaka tena. Mvua ikaja tena. Nilikwenda hivyo karibu mwaka mzima, na kila nilipopaka, vumbi lilinata upesi kuliko mara iliyopita.

Aliyenitoa huko ni fundi wa rangi niliyempelekea gari anitengenezee mkwaruzo mlangoni. Alipitisha kidole gumba juu ya bampa, akakitazama, akanionyesha.

"Kijana, hapa sijagusa plastiki. Nimegusa mafuta, vumbi, halafu mafuta tena."

Akachukua kitambaa cheupe, akakilowesha spiriti, akasugua eneo la ukubwa wa kiganja. Kitambaa kilitoka na weusi unaovutika kama grisi. Pale aliposugua, plastiki ilionekana kijivu kuliko nilivyowahi kuiona. Mimi nikanyong'onyea, yeye akatikisa kichwa kwa kuridhika: "Sasa ndiyo tumeifikia."

Kila nitakachokueleza hapa kinatokana na kauli hiyo. Dawa yoyote utakayopaka, ya bei ndogo au kubwa, itakaa kadiri ilivyoifikia plastiki yenyewe. Ikikaa juu ya uchafu, itaondoka na uchafu.

Kwanza elewa kinachotokea. Plastiki nyingi za nje zisizopakwa rangi hutengenezwa kwa polipropilini, aina ya plastiki, iliyochanganywa na kitu chenye asili ya mpira ili isivunjike ikigongwa. Weusi wake haukupakwa juu. Ni masizi laini ya kaboni yaliyochanganywa ndani tangu plastiki ikiwa imeyeyuka, na masizi hayohayo huikinga na jua. Lakini jua halichoki. Miale ya urujuanimno ikisaidiana na oksijeni hukatakata minyororo ya molekuli za tabaka la juu kabisa, tabaka hilo likawa la ungaunga lenye nyufa ndogo mno. Mwanga ukilipiga hutawanyika huku na huku, na jicho linaona kijivu. Chini yake weusi bado upo.

Ndiyo maana bampa lililopauka ukilimwagia maji hurudi jeusi kwa dakika chache. Maji yamejaza zile nyufa. Mafuta nayo hufanya kazi ileile, tofauti ni kwamba hayakauki upesi. Na jambo hili ni kipimo kizuri cha bure: lowesha plastiki safi kwa maji ukaitazame. Ikirudi nyeusi yote kwa usawa, itaitika vizuri. Ikibaki na sehemu nyeupe hata ikiwa imelowa, tabaka la juu limeliwa sana, na hapo utahitaji dawa yenye rangi ndani yake au kupakwa rangi kabisa.

Ila kuna weupe mwingine ambao si kupauka, na wengi huuchanganya. Ukiona alama nyeupe pembezoni tu, pale plastiki inapokutana na bodi lenye rangi, tena zimefuata mkondo wa mkono wa mtu aliyekuwa akipangusa, hiyo ni nta au polishi iliyokauka ndani ya vinyweleo vya plastiki. Kwenye pikapu yangu ilikuwa imejaa kuzunguka kishikio cha mlango wa dereva. Niliitoa kwa mswaki laini na sabuni, taratibu, nikifuata kila mfereji mdogo wa ile plastiki, na chini yake kulikuwa na weusi mzima usio na shida yoyote. Mwaka mzima nilikuwa naipaka mafuta plastiki isiyopauka!

Sasa kusafisha. Hapa ndipo muda wako uende, na usiukate.

Fanya kazi kivulini, plastiki ikiwa ya baridi ukiigusa kwa nyuma ya mkono. Suuza vumbi kwanza kwa maji mengi, osha gari lote kwa shampuu yake, halafu ndipo ugeukie plastiki kwa sabuni yenye nguvu ya kutoa mafuta. Mimi niliichanganya sehemu moja kwa kumi za maji, lakini fuata chupa yako inavyosema. Brashi iwe ya nailoni, ngumu kiasi cha kuingia kwenye vinyweleo, wala usijaribu ya waya. Chukua eneo dogo, kama urefu wa mkono hadi kiwiko. Sugua kwa kuzungusha, kisha kwa kunyoosha. Povu litageuka kahawia. Suuza kabla halijakauka, rudia. Ukiona povu limebaki jeupe, hapo umemaliza eneo hilo, si kabla.

Bampa la nyuma lilinichukua mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza povu lilikuwa rangi ya chai, na maji yaliyotiririka chini yalikuwa na utando wa mafuta unaometa rangi rangi. Mzunguko wa pili utando ule ulitoweka lakini povu likawa bado chafu. Wa tatu likatoka jeupe, na nilipopitisha kidole, kilikwama kidogo badala ya kuteleza. Mkwamo ule ndio unaoutafuta. Plastiki safi huwa kavu na yenye kukwaruza kidogo, haitelezi.

Usisahau plastiki iliyo chini ya kioo cha mbele, pale zinapolala waipa. Hiyo hupigwa na jua kuliko zote na hukusanya majani na udongo. Yangu ilihitaji mswaki kila kona.

Baada ya hapo ngoja ikauke, na ninaposema ikauke simaanishi kuifuta na kitambaa tu. Maji hujificha kwenye maungio, matundu ya skrubu na nyuma ya vifuniko vya vioo, kisha hutiririka saa moja baadaye juu ya dawa uliyokwisha kupaka. Niliacha gari usiku kucha. Asubuhi nikapangusa kila plastiki kwa alkoholi ya isopropili niliyochanganya nusu kwa nusu na maji, kwa vitambaa vyeupe, ili nione kinachotoka. Soma lebo kabla ya kununua, maana baadhi ya spiriti za kusafishia ngozi huchanganywa na mafuta ya mbarika, na utakuwa umerudisha mafuta uliyohangaika kuyatoa. Thina na petroli ziache kabisa. Asetoni iliyomo kwenye baadhi ya thina huyeyusha plastiki ya ABS, inayotumika sana kwenye grili na vifuniko vya vioo vya pembeni, na petroli inahatarisha maisha yako kwa moto huku ikivimbisha raba za milango.

Ukiwa unafanya gari zima pamoja na kupiga polishi bodi, mpangilio ni muhimu. Safisha plastiki mapema, kisha zifunike kwa tepu ya karatasi kabla mashine ya polishi haijawashwa. Vumbi la polishi likiingia kwenye vinyweleo utarudi kwenye weupe ule wa kishikio cha mlango. Polishi ikiisha, bandua tepu, pangusa tena plastiki kwa alkoholi, halafu safari hii bandika tepu upande wa rangi, ukingoni kabisa, ndipo upake dawa. Vioo vya madirisha viwe vya mwisho.

Kuhusu dawa yenyewe, nitasema nilichokiona. Mafuta ya silikoni, yale ya kung'arisha, si mabaya kwa plastiki ambayo bado nzima, ila ni ya wiki chache na lazima ufute yanayobaki juu, kwa sababu hayo ndiyo yanayochirizika kwenye milango mvua ikinyesha. Dawa zenye rangi ndani huficha mabaka vizuri na hukaa kwa miezi, lakini zikigusa rangi ya gari au saruji ya sakafu utajuta. Vaa glovu, tandika kitu chini. Mimi niliishia kwenye dawa ya seramiki ya kupaka plastiki, ambayo hugeuka tabaka gumu badala ya kubaki kimiminika. Ndiyo inayoumbua usafishaji mbovu kuliko zote, maana ikishakauka juu ya uchafu, kuitoa ni kazi kubwa kuliko kuipaka.

Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya bampa kwa mfano. Weka matone machache kwenye kisponji, si kwenye plastiki moja kwa moja, na upake eneo dogo kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatisha. Tabaka liwe jembamba. Ngoja muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha futa ziada kwa kitambaa cha maikrofaiba kilicho safi, ukitazama kwa pembeni huku mwanga ukitokea upande wa pili, kwa sababu ziada hujionyesha kama kipande kinachong'aa kuliko wenzake. Ukiiacha ikauke, itabaki hivyo. Mimi nina kipande cha namna hiyo juu ya tairi la mbele kushoto, nilipopokea simu katikati ya kazi. Baada ya kupaka, gari lisiguswe na maji kwa saa 24, na sabuni isubiri hadi muda wa kwenye lebo upite.

Kuhusu moto: utawaona watu wakipuliza plastiki kwa mashine ya hewa moto na weusi ukirudi papo hapo. Ni kweli unarudi. Nilijaribu kwenye kipande cha zamani cha plastiki ya juu ya tairi nilichokuwa nimekibandua. Kwa sekunde chache kilipendeza, kisha pale nilipochelewa kidogo vinyweleo vyote vikalala na pakawa laini kama kijiko. Polipropilini huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi za Selsiasi, na mashine hizo zinaweza kupita 500. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno, rangi iliyo jirani inaweza kuvimba, na tabaka lililochoka bado liko palepale na litapauka tena. Sikuthubutu kwenye gari.

Oili chafu ya injini na dizeli nazo hupendekezwa. Zinanasa vumbi, zinaharibu raba, na oili iliyotumika haifai kugusana na ngozi yako. Na ukitaka kupaka rangi kabisa, mwachie fundi mwenye praima ya plastiki, yaani ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Polipropilini haishikani na rangi, na bila praima hiyo rangi itabanduka kama ganda jiwe la kwanza likirukia.

Kutunza hakuna mengi. Shampuu ya kawaida isiyo na nta, brashi laini, na kivuli kikipatikana. Jambo moja niligundua mwenyewe nikiwa nasafisha: upande wa kulia wa pikapu ulikuwa umepauka mara mbili ya kushoto. Nilikuwa naliegesha vilevile kila siku, upande huo ukilitazama jua la mchana kutwa. Siku hizi nikiegesha leo kichwa mbele, kesho narudi kinyumenyume.

Ni mwaka wa pili sasa tangu nipake. Mvua ya juzi iliacha milango misafi, na maji kwenye bampa la mbele yalisimama matone matone. Ila nyuma, kwenye kona iliyo kando ya namba ya gari, kuna kijivu kimerudi cha upana wa vidole viwili. Naikumbuka kona ile. Giza lilikuwa linaingia, na povu la mzunguko wa tatu halikuwa jeupe sawasawa.