Kabla hujachora, panga majina

"Shikamoo kaka. Nimechora kurasa za FCU 64, moja moja. Leo mteja anataka rangi ya alamu ibadilike na setipointi ihamie juu. Nianze upya zote?"

Ujumbe huu ulinifikia Jumanne usiku kutoka kwa kijana aliye kwenye mradi huko Singida. FCU ni kiyoyozi cha chumba, feni inayopuliza hewa kwenye mabomba ya maji baridi, na setipointi ni joto unaloagiza chumba kifike. Niliusoma mara mbili, nikailaza simu mezani. Sikumjibu usiku ule, kwa sababu swali lake lilinirudisha mahali nisipopapenda.

Jengo lilikuwa la ghorofa nne, hapa hapa Dodoma, lina FCU 72. Kazi yangu ilikuwa grafiksi za BMS, mfumo wa kompyuta unaosimamia mitambo ya jengo, yaani kurasa ambazo mwendeshaji anaziona kwenye kompyuta: feni, vali ya maji baridi, joto la chumba, setipointi, hali na alamu. Nilichora ukurasa mmoja kwa moyo wote, ukapendeza. Kisha nikaukopi mara 71.

Tunaotumia Niagara, programu ya kutengenezea mifumo hiyo, tunajua kinachofuata. Ukiivuta pointi (kipimo au amri moja, mfano joto la chumba) na kuiweka kwenye ukurasa wa Px, yaani faili la mchoro, programu huandika anwani yake nzima, iitwayo ORD, tangu mwanzo wa stesheni (hifadhi ya mfumo mzima wa jengo) hadi kwenye pointi yenyewe. Ukiukopi ukurasa huo, nakala inaendelea kusoma chumba kile kile cha kwanza. Kwa hiyo nilikaa kubadilisha anwani kwa mkono, sita kwa kila nakala, jumla 426. Kwenye ukurasa wa chumba 214 nilibadilisha tano. Ya sita, setipointi, ikabaki inaelekeza chumba 114.

Siku ya makabidhiano ilikuwa Oktoba, na mnajua joto la Dodoma kabla mvua hazijaanza. Mwakilishi wa mteja akafungua 214, akaandika 20.0 kwenye kisanduku cha setipointi. Tukasubiri. Joto la chumba likabaki 27.4, halishuki. Baada ya nusu saa akapanda mama mmoja kutoka ghorofa ya kwanza, kajifunga mtandio mabegani na mikono kaikumbatia: "Jamani, nani ananigandisha huko chini?"

Bosi wangu alinigeukia mbele ya watu wote akasema, "Huyu ni mchoraji, siyo fundi." Kazi ya matengenezo ya jengo lile, niliyoahidiwa, akapewa mtu mwingine. Miaka imepita na sentensi ile bado naisikia kwa sauti yake. Kosa lilikuwa langu, nalikubali. Kuaibishwa vile sijakukubali hadi leo.

Nilijifunza dawa yake peke yangu, usiku, kwa laptopu yangu. Anwani siyo lazima ianzie kwenye mzizi wa stesheni. Inaweza kuwa ya kutegemea pale ulipo: badala ya station:|slot:/Drivers/ na mlolongo wote ule, unaandika slot:points/RoomTemp tu. Faili moja la Px linaunganishwa kama mwonekano wa kila FCU, na ukifungua FCU ya 214, ukurasa unasoma pointi za 214. Ukitaka vipande vidogo vingi kwenye ramani ya ghorofa, kuna PxInclude: unachora kipande kimoja, sehemu ya anwani unaiacha iwe kigeu, mfano $(fcu), kisha kila unapokiweka unakiambia ni FCU ipi. Hicho ndicho kiolezo.

Lakini wengi wanaishia hapo, wanajaribu, nusu ya vyumba inakataa, wanarudi kwenye kopi-pesti. Kiolezo hakijui chumba, kinajua jina. Kama kontrola moja, yaani kifaa kinachoiendesha FCU, ina RoomTemp na nyingine ina Room_Temp, kwenye ile ya pili hakitapata kitu. BACnet, lugha ya pamoja ya vifaa vya majengo, ni kiwango tangu 1995, lakini hakimwambii mtengenezaji wala fundi aipe pointi ya joto la chumba jina gani. Hilo ni lako. Nafasi katikati ya maneno nayo iepuke: ukiandika Chumba 214, Niagara inahifadhi Chumba$20214, na macho yaliyochoka yanasoma chumba namba 20214. Andika Chumba_214 au FCU_214 ulale salama.

Mwezi uliopita nimekabidhi jengo lenye FCU 96 kwa faili moja la Px. Siku tatu za mwanzo sikuchora hata mstari. Nilipanga majina, nikayabandika ukutani kwenye chumba cha mitambo, na kila fundi aliyeingiza kontrola akayafuata. Mteja alipotaka rangi ya alamu ibadilike, nilifungua faili moja, nikahifadhi, zote 96 zikabadilika kabla hajamaliza chai yake. Sioni haya kusema nilijivuna.

AHU, mashine kubwa zinazosambaza hewa kwenye jengo, ziangalie kwa jicho tofauti. Vumbi la huku linaziba filta haraka, kwa hiyo AHU yenye sensa ya kupima tofauti ya presha kwenye filta ipe kiolezo chake, na isiyo nayo ipe kingine. Kiolezo kimoja chenye vitu vya kufichaficha pale visipohitajika kitakutesa.

Vijana wenzangu, kazi za majengo hapa Dodoma zimeongezeka tangu ujenzi wa mji wa serikali wa Mtumba uanze, na najua kila anayesoma hapa anataka siku moja kusaini mkataba kwa jina lake mwenyewe. Tuache kushindana kwa feni zinazozunguka kwenye skrini. Anayekaa chini ya kile kiyoyozi haioni feni yako, anahisi baridi au joto. Panga majina. Nasema tena, panga majina kwanza.

Na wewe mdogo wangu wa Singida, hizo 64 usizifute leo. Toa orodha ya pointi za FCU zote, ziandike kwenye daftari, majina yasiyofanana yasahihishe kwenye stesheni. Kurasa za zamani zitakatika, usishtuke, zinaondoka. Kisha chukua ukurasa wako mzuri kuliko yote, zifupishe anwani zake zianzie slot:, uunganishe na FCU mbili tu, moja ya chini na moja ya juu. Badilisha setipointi ya juu, halafu panda ngazi ukasimame mwenyewe chini ya hiyo FCU.